Hesabu Mpaka Tano

9 Januari 1993

Dada yangu,

Soma barua kwanza, kifurushi baadaye. Nakujua wewe, utakimbilia kifurushi na barua utaikumbuka keshokutwa. Mimi nipo, mzima. Chumba chetu tunalala wanawake sita, kitanda changu ni cha juu, karibu na dirisha lisilofunguka. Kazi ni ile ile, kufua na kunyoosha mashuka ya hospitali, kusimama kutwa mpaka viatu vinakataa kuvulika. Mama hajambo? Kikohozi kimemwachia? Mwambie nimemchora, na asiniulize kwa nini nimemchora mnene.

Sasa jambo lenyewe. Humo ndani kuna kitabu. Nimekitengeneza kwa maboksi ya sabuni, nikabandika karatasi nyeupe juu yake na kukishona kwa uzi wa mashuka. Ni cha mwanangu Kasuku. Nilipoondoka Agosti alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu, na nilimhesabia maneno kumi na moja, likiwemo "toka". Sasa ana mwaka na miezi minane na sijui ana mangapi. Nilipokuwa nasaidia darasa la watoto wadogo, mwalimu wetu alisema umri huu ndio maneno huingia kwa mafungu, na asiyezungumziwa sasa anabaki nyuma. Hilo linaninyima raha. Baba yake tulishamtoa kwenye hesabu, na mimi nimeondoka kabla mtoto hajaweza kusema anaumwa wapi. Akikosa na maneno, nitakuwa nimemwachia nini?

Kitabu hakina hadithi. Kila ukurasa una kitu kimoja, na kila kitu kipo hapo nyumbani: paka, ndoo ya bluu, kiti cha Bibi, kiatu, mlango, wewe na nyundo yako. Kurasa mbili za mwisho ni Bibi na Mama, yaani mimi. Nimetuchora tukiangaliana, ili kitabu kikifungwa tuwe tumekumbatiana.

Fanya hivi. Onyesha picha, taja jina lake, kisha uliza, "Paka yuko wapi?" Halafu nyamaza, uhesabu mpaka tano moyoni. Usimjibie! Mtoto anahitaji huo muda kulitafuta neno. Akishalipata, mpeleke akakiguse kitu chenyewe. Kila siku, dada, hata kama una viatu mia vinakungoja.

Mdogo wako


14 Februari 1993

Mdogo wangu,

Barua nimeisoma kwanza, usinisingizie. Kifurushi nilikuwa nimekishika tu mkononi.

Sisi sote wazima. Kibanda cha viatu kimetoboka bati upande wa cherehani, kwa hiyo mvua ikinyesha nashona nimevaa kofia ya plastiki, na fundi baiskeli jirani yangu anakufa kwa kucheka. Anakusalimu. Mama kikohozi bado kinamjia asubuhi, lakini ulimi hauna kikohozi, anatusema wote kama kawaida. Picha yake ameipenda mno. Anasema wewe peke yako ndiye unayemkumbuka enzi zake za kujaza mlango.

Kitabu ameninyang'anya. Anasema mimi sina subira, na ni kweli, nikifika mbili nimeshajibu mwenyewe. Yeye anampakata Kasuku kwenye kile kiti chake, anafungua, anauliza, halafu anahesabu. Ulisema ahesabu moyoni. Mama na moyoni wapi na wapi? Anahesabu kwa sauti, anakunjua vidole kimoja kimoja mbele ya uso wa mtoto. Matokeo yake Kasuku amejifunza kukunjua vidole vyote vitano kwa mpigo na kupiga kelele "Tano!" kabla hata hajaulizwa kitu.

Na sasa mchezo umegeuka. Yeye ndiye mwulizaji. "Bibi, paka wapi?" Kisha anaweka vidole vitano hewani, na Bibi lazima ajibu. Akichelewa anagombezwa. Nimemhesabia maneno ishirini na saba. Juzi alimwambia fundi baiskeli "kiatu chafu". Jina la Kasuku, Mama alimpa kwa utani tu, sasa limemkaa.

Kwa hiyo lala usingizi. Tuma kingine.

Dada yako


20 Machi 1993

Dada yangu,

Ishirini na saba! Nimewasomea barua yako wenzangu wote chumbani, na huyu wa kitanda cha kando, ambaye hajawahi kumwona Kasuku, alipiga makofi. Nimejicheka na kulia papo hapo. Mwambie Mama amekuwa mwalimu kunishinda.

Kitabu cha pili ndicho hiki. Nimeweka vitu vya nje: kibanda chako, baiskeli, jua, dimbwi, kuku wa jirani. Bibi yumo mara mbili, akimwagilia maua na akianua nguo, maana naona huyo ndiye anayemfungua mtoto mdomo.

Huku tumepata pigo. Mwenzetu wa kitanda cha chini alipokea barua ya msiba, baba yake. Alisimama, akavaa koti, akatoka. Pasipoti zetu zinakaa kwenye kabati la ofisi mpaka mkataba uishe, wangu ni Agosti mwakani, kwa hiyo alitoka bila karatasi yoyote. Wiki ya tatu sasa. Wengine wanasema amekamatwa, wengine wanasema alionekana stesheni akiongea peke yake. Nguo zake bado ziko kwenye kamba. Dada, mimi ningekuwa yeye ningetoka hivyo hivyo. Nisingekumbuka hata koti.

Basi tuyaache hayo. Mtunze Mama na kikohozi chake. Nakuachia wote wawili.

Mdogo wako


6 Juni 1993

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Viatu vimekuwa vingi, shule zilifunguliwa, na mvua ilinivurugia kibanda. Kitabu cha pili kilifika salama, ahsante. Kuku umemchora vizuri.

Hapa hatujambo. Mama anakusalimu. Fundi baiskeli naye anakusalimu. Bati nimeliziba.

Kasuku anakula, anakua, viatu vya mwaka jana havimwingii tena, nimemshonea vingine. Siku hizi ametulia. Nadhani ni meno ya nyuma. Anapenda kukaa chini na kitabu chake. Nitakuandikia vizuri nikitulia.

Dada yako


1 Julai 1993

Dada yangu,

Salamu kwa wote. Barua yako ina mistari isiyofika kumi na mitano. Wewe ambaye huwezi kusema "hujambo" chini ya kurasa mbili. Nini kimetokea?

"Ametulia" maana yake nini? Huyu ni mtoto aliyekuwa akijibizana na redio. Meno ya nyuma hayamnyamazishi mtoto miezi. Mwaka mzima umebaki, siwezi kuja kumtazama, siwezi kumsikia. Nilicho nacho ni unachoniandikia, na wewe unaniandikia bati na kuku. Niandikie maneno yake, moja moja, kama nilivyokuwa naorodhesha mimi. Hata kama yamepungua. Hasa kama yamepungua.

Na Mama. Keti naye, umwambie aseme neno lolote, wewe uandike kama alivyolisema, na matusi yake humo humo.

Nimetuma kitabu cha tatu. Michoro imepinda kidogo, na mwandiko huu pia usiujali. Naandikia juu ya goti kitandani, na kalamu ni mbovu.

Mdogo wako


19 Agosti 1993

Mdogo wangu,

Nakusalimu. Sisi tupo.

Uliniomba maneno yake moja moja. Nimekaa na kalamu jioni tatu. Hakuna, mdogo wangu. Hana hata moja.

Nimempeleka kliniki. Muuguzi wa watoto ni mama mmoja mfupi, ana soksi za rangi mbili tofauti na haogopi mtu. Alitikisa funguo nyuma ya kichwa cha Kasuku, mtoto akageuka. Akamnong'oneza sikioni, akatabasamu kidogo. Anasikia vizuri. Akamwangalia ulimi, koo, kila kitu kipo mahali pake. Akaniuliza, "Aliwahi kusema?" Nikamwambia ishirini na saba, mpaka "kiatu chafu". "Na sasa?" Nikatikisa kichwa. Kasema nirudi baada ya wiki sita na vitabu vyake vyote, avione. Kusipokuwa na badiliko atatuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, kwenye shule ya watoto wasiosema. Neno "bubu" yeye hakulitaja. Nimelitaja mimi njiani, kwa sauti, mtoto akiwa mgongoni. Tangu siku hiyo najichukia.

Kutwa anakaa chini na kile kitabu cha kwanza na kukwangua pembe za kurasa kwa ukucha. Hachoki. Vidole vimechubuka, nikimfunga kitambaa anakivua. Vitabu vingine hashiki sana. Nikimwita Kasuku haitiki, na mimi sasa naona haya kumwita hivyo mbele za watu.

Na wewe, mkono una nini? Paka wa kitabu cha tatu anafanana na buti, na mistari yote inatetemeka. Mimi ni fundi, usiniambie kalamu. Mkono uliochora kitabu cha kwanza sio uliochora hiki.

Dada yako


10 Septemba 1993

Dada,

Sijambo. Mkono wangu mzima.

Nimeisoma barua yako mara nne nikimtafuta Mama. Hayumo. Umemwandika muuguzi mpaka soksi zake. Mimi nilikuomba neno moja la Mama, na wewe hukuandika hata kwamba amekataa. Mwezi wa sita uliandika "Mama anakusalimu". Mama hajawahi kunisalimu kwa maneno mawili tangu nizaliwe.

Jambo la pili. Kitabu kile nilikishona mwenyewe, kinafunguka mpaka kwenye uzi. Mtoto hana haja ya kukwangua pembe za ukurasa unaofunguka. Sasa anakwangua nini?

Nalala kwa saa mbili tu. Mashine inanizomea masikioni hata nikiwa kitandani. Jana nimekunja shuka moja mara tano bila kujua, msimamizi amenipigia kelele mbele ya wote, na mimi nilikuwa nawaza tu: mtoto wangu amenyamaza, na dada yangu ananificha. Niambie. Chochote kile, niambie. Kutojua kunanimaliza vibaya zaidi.

Mdogo wako


3 Oktoba 1993

Mdogo wangu,

Leo sina salamu. Kama uko kazini, ikunje barua hii kwanza, uje uisome ukiwa na mtu karibu yako. Yule wa kitanda cha kando, aliyepiga makofi. Mwite.

Mama alifariki tarehe 11 Aprili, mchana.

Hakuumwa siku hiyo. Alikunywa chai, akanisema kwa ajili ya bati, akampakata Kasuku na kitabu. Mimi nikaenda kibandani. Niliporudi kuchukua sindano kubwa niliyoisahau, nilimsikia mtoto toka mlangoni. "Bibi, paka wapi?" Kimya. "Bibi, paka wapi?" Nikaingia. Mama alikuwa ameegemea kiti, miwani imeteremkia puani, na Kasuku bado yuko mapajani mwake. Alikuwa ameinua vidole vyake vitano usoni kwa Mama, anamsubiri ajibu.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho mtoto aliyomwambia Mama. Nilimbeba nikamtoa nje, na alipouliza nikamwambia Bibi amelala. Watu walipokuja, wote niliwaambia wamwambie hivyo hivyo.

Sikukuandikia kwa sababu ya yule mwenzako wa kitanda cha chini. Barua yako ile iliyosema ungetoka bila koti ilifika siku ya tatu baada ya kuzika. Nilikuwa nimeshachukua karatasi nikuandikie. Nikaisoma, nikairudisha karatasi mezani. Nimempoteza Mama, nikapiga hesabu kwamba nikikuambia nitakupoteza na wewe, uwe unaongea peke yako stesheni. Ile sentensi ya "Mama anakusalimu" niliandika karatasi tatu, mbili nikazichoma. Unihukumu utakavyo.

Lakini hilo siyo baya kuliko yote. Sikiliza sasa nilichomfanyia mtoto.

Baada ya mazishi, kila asubuhi alifungua ukurasa wa Bibi, akaubusu, akainua vidole vitano. Akasubiri. Halafu akalia mpaka akatapika. Siku nane. Mimi nami nilikuwa sijalala, nina kazi za watu, nyumba nzima inanuka Mama. Siku ya tisa nilichukua kopo la gundi ya viatu, ile ninayoshikia soli za buti za wajenzi. Nikapaka ukurasa wa Bibi, nikaufunga, nikauweka chini ya chuma usiku kucha. Kwenye kitabu cha pili nikafunga zile kurasa mbili nyingine. Kiti chake nikakitoa, nikampa fundi baiskeli. Asubuhi mtoto alifungua, akageuza, akarudia, akageuza. Hakulia. Nikajipongeza, mdogo wangu. Nilikaa kibandani nikajiambia nimepata dawa. Ilinichukua wiki mbili kugundua kuwa tangu siku hiyo hajasema neno.

Na unakumbuka ulivyowapanga. Bibi na Mama, wanaangaliana. Kumfunga Bibi nilikufunga na wewe. Hilo nililijua brashi ikiwa mkononi, na bado nikapaka.

Juzi nilirudi kliniki na vitabu vyote, nikisali muuguzi asivifungue. Alifungua. Akavipitisha vidole, akakwama kwenye ule unene. "Hapa pana nini?" Nikasema kiliingia maji. Akakinusa. "Maji haya yananuka gundi, mama." Kasuku alikuwa amesimama pale kwenye goti lake, anamwangalia mkono. Yule mama akaniuliza tu, "Alikuwa nani?" Ndipo nikalia mbele ya foleni nzima, na watoto wa watu wakaanza kulia kwa kuniona. Nilipomaliza akaniambia, "Mtoto huyu anatafuta mtu tangu Aprili, na ninyi wote mnamwambia hakuna mtu. Nenda ukafungue."

Soli iliyoshika sana huwa naitoa kwa joto. Nilipasha pasi, nikaweka kitambaa chenye unyevu, nikaipitisha polepole, nikaingiza kisu butu, nywele kwa nywele. Ilikuwa mchana, mlango wazi. Kasuku aliweka mikono miwili kwenye goti langu na hakutikisika. Kazi ya robo saa ilinichukua saa nzima. Zikaachana. Karatasi imechanika kidogo. Nusu ya miwani ya Mama imehamia kwenye shavu lako, na kipande cha nywele zako kimebaki kwake.

Akamtazama Bibi. Kisha akasema, sauti imekwaruza kama ya mtu mzima mwenye mafua, "Bibi wapi?" Na vidole vitano.

Sikuweza kumwambia amelala. Nilihesabu mpaka tano, kweli kweli, safari hii sikuruka. Nikasema, "Bibi amekufa. Tumemzika. Harudi." Akaweka kidole kwenye ile nusu ya miwani. Akasema, "Bibi harudi." Akanipanda mapajani, tukalia pamoja, lakini hakutapika. Alilia kama watu wanavyolia.

Nilidhani tumemaliza. Akajifuta na gauni langu, akageukia ukurasa wa pili. Akakuwekea kidole. "Mama wapi?" Na mkono hewani, vidole vyote vitano.

Mdogo wangu, nilihesabu mpaka tano. Nikahesabu mpaka hamsini. Mkono ulichoka, akaushusha. Nikasingizia kwamba pasi inaunguza kitambaa. Tangu juzi ananiuliza kila anapofungua kitabu, na mimi kila mara nina pasi, nina mteja, nina sufuria. Amerudi na maneno tisa, nayaogopa yote. Nisipomjibu atanyamaza tena, na safari hii sitakuwa na ukurasa wa kufungua. Nimwambie nini?

Dada yako


7 Novemba 1993

Dada yangu,

Barua yako niliisoma kwenye chumba cha mashuka machafu, nimekaa juu ya marobota, na yule wa kitanda cha kando amenishika mabega kama ulivyoagiza. Sikutoka mbio. Nilitaka. Nilifika mlangoni, nikakumbuka mkono wa mtoto uliochoka ukashuka. Nikarudi nikakaa.

Miezi sita nimemwombea Mama afya. Kila jioni, kikohozi, miguu, kila kitu. Nilikuwa namwombea afya mtu aliye kaburini, na wewe ulijua. Nitakusamehe, dada, lakini si kwa barua hii. Barua hii bado nina hasira. Niandikie alipolala, ni upande gani, na kama kuna kivuli.

Na mimi nina langu. Mwezi wa sita mashine ya kunyoosha mashuka ilinivuta mkono wa kulia. Vidole viwili havikunji tena, na ngozi ya juu bado ni mbichi. Kitabu cha tatu nilikichora kwa mkono wa kushoto, na hii barua pia. Nilikuandikia kwamba ni mzima ili usije ukamwambia Mama, akakosa usingizi. Ona tulivyo. Nilimficha Mama mkono wangu, na Mama hayupo.

Nilikwenda ofisini. Nilisema yote, nimefiwa, nina mtoto asiyesema, mkono huu hapa. Msimamizi alinisikiliza, akafungua kabati kutafuta mkataba wangu, na nikaiona pasipoti yangu pale, ya nne kutoka juu. Akasoma tarehe. Agosti. Akalifunga kabati na kuniambia pole. Nadhani alimaanisha. Lakini alilifunga.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo pekee ninaloweza kufanya nikiwa huku. Usimpe kisingizio cha pasi wala sufuria. Akikuuliza "Mama wapi?", kaa chini, mwangalie machoni, umwambie: Mama yuko mbali. Mama anafua mashuka. Mkono wa Mama una kidonda. Baadhi ya maneno hayo anayo au alikuwa nayo: mama, mkono. Yaliyobaki atayapata. Nimetuma ukurasa mmoja tu safari hii, si kitabu. Nimeuchora mkono wangu kama ulivyo, na bandeji yake, vidole vile viwili vimenyooka. Nimeuchora kwa huu wa kushoto, umepinda, lakini ni kweli. Ushone baada ya ukurasa wangu. Tumia uzi, dada. Mwache auguse kila anapotaka, hata kama atalia. Na ile nusu ya miwani iliyobaki shavuni kwangu usiibandue.

Kisha mwache aulize. Usimjibie kabla hajamaliza.

Lipo swali moja najua atalifikia, kwa sababu ni mtoto wangu na amelelewa na Mama. Akishasikia niko mbali atakuuliza kama mimi narudi, au niko kama Bibi. Hapo usimwambie ndiyo kwa kumtuliza. Nilitaka kukuandikia "mwambie Agosti", nikafuta, umeiona ile alama hapo juu, ndiyo hiyo. Kuna mwenzetu aliyefikisha Agosti yake mwaka huu na bado yuko hapa, anaambiwa asubiri. Nikimwahidi mtoto mwezi, na mwezi ukafika bila mimi, nitakuwa nimempa ukurasa mwingine wa kukwangua.

Nimekaa na swali hilo tangu Jumatano. Najiuliza kwa sauti yake, nanyamaza, nahesabu mpaka tano. Nimehesabu mara nyingi mno, dada. Bado sijalipata neno.

Mdogo wako